Midomo Kumi na Sita Juu ya Ubao Mmoja

Jumatatu, 7 Aprili 1997

Mvua imeingia barazani tena. Redio tatu za wateja zimelowa. Cherehani ya mke wangu Bosibori imelowa. Mimi pia. Ndiyo maisha ya fundi mkubwa wa redio hapa Keroka! Mtu mwenye kichwa kama changu anafanya kazi kwenye baraza la duka la mwenzake, kama kuku anayejikinga mvua.

Kisha Bwana Lalit, mwenye duka, akatoka na habari. Mwisho wa mwezi anaziba baraza kwa matofali apanue duka. Tutafute pengine. Bosibori alifunika cherehani kwa gunia. Bila baraza hatuna pa kufanyia kazi. Tutarudi nyumbani kwa mama kuchuma majani chai, na mama na Bosibori hawapikiki chungu kimoja.

Lakini ngoja! Nyuma ya duka kuna chumba, ghala la zamani la sukari. Mlango wa chuma. Dirisha pana. Stima. Bwana Lalit atakitoa kwa fundi atakayemfungia mtambo wa kuongea bila waya na kaka yake Abhishek, mwenye duka kule Ekerenyo. Simu ya waya hufa kila mvua ikinyesha, na mvua yetu haina likizo. Kibali cha kurusha mawimbi ameshakipata Nairobi. Jumapili tarehe ishirini atasoma orodha ya bidhaa kumi kutoka hapa. Fundi atakayezifikisha zote kumi ndiye mwenye chumba.

Mafundi tuko wawili tu. Mimi, na Ombati wa ng'ambo ya barabara. Mtu wa tai. Alisomea Nairobi miezi minne na hadi leo hawezi kuomba chumvi bila kuitaja Nairobi. Amesema ataagiza mtambo mmoja mkubwa wa ng'ambo. Amesema mimi niendelee na redio za betri.

Chumba ni changu. Naandika kabisa ili tarehe ijulikane.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Niliruka nikapiga kichwa kwenye boriti. Si kitu. Imo katika gazeti la mafundi aliloniachia mhandisi mmoja wa barabara. Huhitaji transista moja kubwa ya bei ya ng'ombe. Unachukua ndogo nyingi. Kila moja unaipa kipande chake bapa cha shaba, vyote juu ya ubao mmoja. Kila kipande ni kama mdomo, na kila mdomo unanong'ona. Minong'ono inakutana hewani, inaungana, inakuwa sauti moja yenye nguvu. Wazungu wameandika kurasa kumi na moja kueleza jambo ambalo bibi yangu alilisema kwa maneno matano. Haba na haba hujaza kibaba!

Nitaweka midomo kumi na sita. Minne kwa minne.

Nimeshuka Kisii mjini kwa Hafiz, muuza vyuma vikuukuu. Ana vichwa vinane vya madishi ya televisheni vilivyopigwa na radi. Kila kichwa kina transista mbili nzima ndani. Nane mara mbili! Nikamwambia namsaidia kuondoa takataka. Hafiz akasema takataka zake zina bei. Tukakubaliana nimtengenezee kinasa sauti chake. Nilikitengeneza papo hapo kwa kukipiga kofi. Sikumwambia ni kofi tu.

Jumatano, 9 Aprili

Ombati amepita barazani, akautazama ubao wangu. Akauliza kama nimeanza biashara ya chapati. Watu wakacheka. Bosibori pia! Nikamwambia Ombati kwamba adui akikucheka amekwisha kuogopa. Akasema hajaogopa, amecheka tu.

Kazi ni nyingi. Kuna vipande kumi na sita vya kukata, na kanda nyembamba kumi na sita za shaba za kupeleka sauti kwa kila mdomo. Peke yangu nitamaliza Krismasi. Nimelala chali nikafikiri. Jibu likaja lenyewe. Egesangio!

Bosibori yuko kwenye kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kazi ya wiki huisha kabla jua halijawa kali. Kwa nini wenzake wanane wasiniletee mikono yao hapa? Nimemwendea mkubwa wao, Nyanchama. Alisema hajawahi kusikia egesangio ya redio. Nikamwambia dunia inakwenda mbele. Akasema sawa, ila desturi ni desturi. Wakinifanyia kazi, nami nitakwenda kwenye shamba la kila mmoja wao na jembe langu. Nikasema bila shaka.

Sina nia ya kwenda hata moja. Mtu wa mawimbi halimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Ushindi!

Wamekuja wote wanane, kabla ya chai. Bosibori hakuwepo, alipeleka sare za shule Magwagwa. Afadhali. Angeuliza maswali.

Gazeti linasisitiza, tena mara tatu, kwamba kanda zote ziwe na urefu mmoja. Wazungu wanapenda kurudia maneno. Rula yangu ilivunjika nilipofungulia kopo la rangi. Nikawaambia wanawake kila kanda iwe shibiri moja, basi. Shibiri ni shibiri. Kila mmoja akanyoosha kiganja, akapima, akakata kanda mbili. Waliimba. Nyanchama ana kiganja kama sinia. Moraa, bibi harusi wa juzi, ana vidole vya mtoto. Walimaliza saa nne! Nikachomea kila kitu kwa risasi iliyoyeyushwa. Ubao unang'aa hata mbwa wa jirani ameubwekea.

Nikawapa chai na viazi vitamu. Nyanchama akasema Jumatatu tunaanza kwake, palizi ya chai. Nikatabasamu kwa upole wa mtu ambaye hatakuwepo.

Ijumaa, 11 Aprili

Aibu.

Niliufunga ubao juu ya tangi la maji la Bwana Lalit, ukatazama vilima vya Ekerenyo. Abhishek alikuwa kwake na kipokeo nilichomtengenezea. Nikasema ndani ya maikrofoni, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba hii ni sauti ya Alfayo kutoka Keroka. Nilisema kwa nusu saa. Nilihutubia. Nilimtaja Ombati kwa jina.

Saa saba kondakta wa matatu ya Ekerenyo akaleta kikaratasi cha Abhishek. Anasema amesikia samaki wakikaangwa. Hakuna kingine.

Nikazima midomo kumi na tano, nikaacha mmoja tu uongee. Kikaratasi cha pili kikaja: amesikia neno "Keroka". Mmoja unashinda kumi na sita! Inawezekanaje? Ni kama kuongeza maji kwenye ndoo halafu ndoo inapungua.

Ni Ombati. Ametia mkono wake. Au jicho lake. Jua limezama, Sabato imeingia, siwezi hata kumtukana.

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Kanisani. Sikufanya kazi. Nilifikiria kazi tu, na kufikiria si kazi. Mzee wa kanisa akasema amefurahi kuniona nimefumba macho muda mrefu hivyo katika sala.

Bosibori aliniuliza tukirudi: tukikosa kile chumba, yeye atashonea wapi? Ana sare arobaini za shule za kumaliza kabla ya muhula. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema si wasiwasi, ni swali. Nilimwonyesha ndege aliyekuwa juu ya mti.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kupeleleza. Lazima nijue Ombati amenifanyia nini.

Nyuma ya nyumba yake kuna mparachichi. Nikapanda. Nikauona mtambo wake kupitia dirishani. Nyasae, Mungu wangu! Mkubwa kama mkate wa harusi, una feni, una taa mbili za kijani. Transista moja nono katikati, imekaa kama chifu kwenye kiti. Nikainama nione vizuri. Tawi halikukubaliana nami. Nikaangukia majani ya ng'ombe.

Ombati akatoka. Badala ya kunifukuza akaniinua, akanikung'uta, akanipa chai ya maziwa na mkate. Akanionyesha mtambo wote, waya kwa waya, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za harusi. Hakugusa ubao wangu, akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwamini. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Chai yake ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa nimepanga kuumwa mgongo. Nyanchama akaja alfajiri na wenzake wote saba, wakasimama mlangoni na majembe. Mgongo ukapona.

Tumelima. Kwanza niliona ni mchezo. Wanawake wanane na mimi kwenye mstari mmoja, Nyanchama anaanzisha wimbo, majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Ardhi inatetemeka! Mimi nikalima kwa mwendo wangu, wa kisomi. Jembe langu lilipopanda yao yalishuka. Nikamgonga Moraa mpini. Nikavunja mstari. Wimbo ukakatika. Nyanchama akasema mtu mmoja asiyefuata wimbo anaharibu kazi ya wanane, na kwamba ni heri nikae kando nile muhogo. Nikakaa kando nikala muhogo.

Bosibori, aliyetuletea muhogo, alikuwa ameniangalia. Tuliporudi barazani hakwenda kwenye cherehani yake. Alikwenda kwenye ubao wangu. Akatoa futi yake ya kushonea shingoni, akaanza kupima kanda za shaba moja moja. Nikamwambia asiguse vitu vya kitaalamu. Akaendelea. Ya kwanza inchi tisa. Ya pili inchi saba na nusu. Ya tano, ya Moraa, inchi saba kasorobo. Akaniuliza gazeti linasema wimbi lenyewe lina urefu gani. Nikamwambia halizidi upana wa kiganja. Akasema basi kanda zisipolingana, huyu anapanda wakati yule anashuka. Wanapigana mipini.

Nikaanza kulitafuta gazeti.

Akasema hata mikono ya shati, ukiwapa watu wawili wapime kwa viganja vyao, mteja atatembea kama amevunjika bega.

Nilimwambia nilikuwa nimeshashuku hivyo tangu Ijumaa. Akairudisha futi shingoni.

Jumanne, 15 Aprili

Bosibori amekata kipande cha karatasi ngumu, kama cha kukatia kola. Akakilaza juu ya shaba, akachora, akakata. Kumi na sita, zote mapacha. Mimi nilishika mkasi wakati anapumzika. Kwa hiyo tumefanya pamoja.

Ombati akapita akasema chapati leo zimekatwa vizuri. Nikamjibu kwamba atakaribishwa kuzila.

Jumatano, 16 Aprili

Yeeeeee!

Nilisema maneno matatu tu. Kikaratasi kikaja saa sita, na kondakta mwenyewe alikuwa anacheka. Abhishek anasema nipunguze sauti. Mteja wake, bibi mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa, amesikia sanduku likimwita, akaacha chupa, akakimbia. Hajarudi.

Maneno matatu! Kilima hadi kilima! Nikamnyanyua Bosibori juu. Akasema nimshushe, ana pini mdomoni.

Nimewaza. Kwa kweli ni mimi niliyefikiria egesangio. Bila egesangio nisingekwenda kulima. Bila kulima Bosibori asingeona majembe. Ukifuata mzizi, unafika kwangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Palizi kwa Moraa. Nimefuata wimbo. Nilipigiwa vigelegele. Nina malengelenge saba na nayajivunia kidogo. Bado mashamba sita. Nimeuliza kama naweza kumtuma mtu badala yangu. Nyanchama akanipa jembe zito zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Leo niandike taratibu, nisiache kitu.

Keroka nzima ilikuwa mbele ya duka. Watu walipanda hata juu ya lori la ndizi. Bwana Lalit alivaa koti. Mkewe, Meena, alikaa dirishani na daftari. Mpango: Lalit anasoma bidhaa kumi, Abhishek anaandika anachosikia, karatasi inaletwa na kondakta, Meena analinganisha.

Ombati kwanza. Akafunga tai upya. Taa za kijani zikawaka, feni ikavuma. Lalit akasoma: sukari, sabuni, chumvi, viberiti... Na hapo hapo, jirani akawasha mashine yake ya kusaga mahindi. Jumapili! Stima ikashuka, ikaruka, taa za duka zikawa nyeupe. Mtambo wa Ombati ukatoa moshi mdogo wa buluu. Taa zikazimika. Chifu kwenye kiti amekufa, na hakuna wa kumrithi. Ombati alisimama akiwa ameshika feni kwa mikono miwili. Nilitaka kucheka. Sikuweza. Nilikumbuka ile chai.

Zamu yangu. Nikaunganisha. Bosibori alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Lalit akaanza upya: sukari, sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya taa. Mashine ya mahindi ikawashwa tena! Stima ikaruka tena! Ubao wangu ukalia tap, tap, tap. Nikaona midomo mitatu imeungua, transista zimekuwa nyeusi kama pilipili manga. Akilini nikaona cherehani juu ya mkokoteni, tunarudi kwa mama.

Lalit alikuwa bado anasoma. Nikatazama mita. Sindano imeshuka kidogo. Kidogo tu! Midomo kumi na mitatu bado inaongea! Mitatu imekufa, wenzao wamechukua kazi yao, kama kikundi kinapopungukiwa wanawake watatu na shamba bado linalimwa. Nyembe, betri, misumari, majani chai, mishumaa. Kumi!

Tulisubiri karatasi saa moja na nusu. Sijawahi kuishi saa moja na nusu ndefu hivyo. Kondakta akashuka, Meena akasoma kwa sauti. Kwa Ombati: sukari, sabuni, chumvi, viberiti. Nne. Kwa Alfayo: akahesabu kwa kidole. Akahesabu mara ya pili. Kumi! Na chini yake Abhishek ameandika kwamba mwishoni sauti ilipungua kidogo, ila kila neno alilisikia.

Kelele! Nyanchama na wenzake wakapiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia. Walinibeba. Waliniangusha. Walinibeba tena. Bwana Lalit akautoa ufunguo mfukoni, akautazama, akampa Bosibori mkononi. Akasema fundi akipewa ufunguo ataupoteza. Meena akaleta sahani ya peremende za maziwa. Bosibori alilia. Alisema ni moshi wa mtambo wa Ombati. Ombati alikuja akanipa mkono, akauliza kama nitamfundisha. Nikasema nitaangalia nafasi.

Jumatatu, 21 Aprili

Chumba! Kavu! Kinanukia sukari!

Bosibori amechukua upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga. Mimi nina upande wa mlango kwa ajili ya umaarufu. Mvua ilinyesha saa nane. Tulikaa ndani tukaisikiliza ikipiga bati na hakuna tone lililotugusa. Bosibori ameshamaliza sare kumi na moja. Alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba akishona tangu tuoane.

Nimeandika mlangoni kwa chaki: ALFAYO, MTAALAMU WA MAWIMBI. Bosibori akaongeza chini: NA USHONAJI. Nimeyaacha maneno yake. Mshindi ana moyo mkubwa.

Jumanne, 22 Aprili

Siku kubwa kuliko zote.

Nilikuwa Kisii mjini, nikiwaeleza watu dukani kwa Hafiz jinsi nilivyobuni ile siri ya urefu mmoja. Alikuwepo Ratemo, muuza redio mkubwa pale mjini. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema Ekerenyo si kitu, unaiona kwa macho. Je, naweza kufikisha sauti upande wa pili wa kilima, mahali hata ukisimama juu ya tangi huoni? Mawimbi haya, akasema, hayapiti mlima. Kila mtu anajua.

Nikamwambia kila mtu si mimi. Mlima ni udongo tu. Na udongo ninaujua vizuri, nimeupalilia juzi.

Watu wakashangilia. Ratemo akauliza nina uhakika kiasi gani. Hafiz alinivuta shati. Nikamwondoa mkono. Mtu aliyeshinda Jumapili haulizwi hivyo Jumanne akanywea! Tukaandikiana mbele ya mashahidi watatu. Siku saba. Nikifikisha sauti, Ratemo ananipa duka lake la pili, lile lenye kioo. Nisipofikisha, namwachia chumba chetu kwa Bwana Lalit, na Lalit hana haja ya kujua kwanza. Nilitia sahihi kubwa, yenye mkia.

Nimerudi sasa hivi. Bosibori yuko juu ya ngazi anapaka ukuta rangi ya samawati, ananiuliza kama imelingana vizuri pale kwenye kona. Imelingana kabisa. Sijamwambia bado. Nataka kwanza apumzike na furaha hii, kisha nimwongezee ile nyingine.